Siku Turubai Lilipoitikia Amina

Nianze kwa kusema kwamba sina kinyongo na mtu. Nalisema mapema kwa sababu najua wapo watakaoisoma habari hii na kunong'onezana: huyu Obedi Malando anawalipizia kisasi wakubwa. Hasha. Mimi nasimulia tu yaliyotokea katika Jamhuri yetu ya Neema Tupu, na kama yupo mkubwa atakayejisikia vibaya, basi ajisikie vibaya kwa raha zake. Sitamzuia.

Jamhuri yetu mnaijua. Ni ile nchi ambayo mpaka wake una geti lakini hauna uzio, na geti lenyewe hufungwa kwa makufuli mawili. Ibara ya kwanza ya Katiba yetu inasema kwamba kila kitu kimekusudiwa tangu milele. Ni fundisho zuri. Nililihubiri mwenyewe miaka mingi na bado naliamini. Serikali nayo inaliamini, hasa Wizara ya Ujenzi. Daraja la Mto Kiseru lilipoanguka muda mfupi baada ya kuzinduliwa, Waziri alifika pale, akavua kofia, akasema, "Wananchi, daraja hili liliandikiwa kuanguka kabla dunia haijaumbwa. Mkandarasi alikuwa chombo tu." Watu wakapiga makofi. Mkulima mmoja aliyechelewa kulipa kodi ya mifugo alijaribu hoja hiyohiyo mahakamani, akaambiwa kwamba kuchelewa kwake hakukukusudiwa na mtu. Kulikuwa uzembe.

Ibara ya pili inasema wanadamu wote ni wenye dhambi. Hili nalo ni kweli kabisa. Lakini serikali makini haiwezi kuacha jambo zito kama dhambi liende holela, kila mtu akijitangazia zake. Kwa hiyo yapo madaraja. Raia wa kijijini ni Mwenye Dhambi wa Kawaida. Mchungaji ni Mwenye Dhambi Daraja la Pili. Ukipata udaktari wa falsafa, na ukawa na mjomba wizarani, unapanda kuwa Mwenye Dhambi Mwandamizi na unapewa gari. Juu yao wote yupo mmoja tu, Mheshimiwa Mwenye Dhambi wa Kwanza wa Taifa, ambaye hakuna raia anayeruhusiwa kudai kwamba amemzidi kwa uovu. Mlevi mmoja wa sokoni aliwahi kupiga kelele kwamba yeye ndiye mtu mbaya kuliko wote nchini. Alikamatwa kwa kosa la kujipachika cheo.

Wakati wa mambo haya, cheo hicho alikuwa nacho Askofu Daktari Nahumu Lubatula. Nilisoma naye chuo cha wachungaji. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini, na alipoomba asubuhi nilikuwa nakaa kimya nimsikilize, maana aliomba vizuri kuliko sisi sote. Alipopata cheo alitembea kwa msafara wa ving'ora. Gari la mbele lilikuwa na kipaza sauti kinachotangaza: "Pisheni! Pisheni! Funza wa udongoni anapita!" Wasiopisha haraka walijikuta mtaroni na mizigo yao.

*

Kila mwaka mvua zikikatika tunakuwa na Kongamano la Taifa la Mafundisho Safi. Zamani viongozi walikuwa wanagombania kiti cha nyuma kabisa, maana tumefundishwa unyenyekevu, na mwaka mmoja maaskofu wawili walivunjana meno wakigombania kukaa karibu na mlango wa choo. Serikali ikatatua tatizo. Ikatengeneza Kiti cha Mwisho, chenye mto wa mahameli na mahali pa kuwekea mikono, ikakipandisha jukwaani katikati, ili Mheshimiwa aweze kukaa nyuma kabisa mahali ambapo kila mtu anamwona. Ndani ya ukumbi wanakaa Waandamizi. Wananchi wanakaa nje, chini ya turubai moja kubwa, kwenye viti vya plastiki, wakisikiliza kwa spika na kulichungulia jukwaa kupitia milango mipana iliyoachwa wazi.

Kilele chake ni Ungamo Kuu la siku ya mwisho. Mheshimiwa anasimama, anainamisha kichwa, anasema, "Mimi ni mwizi." Wote, ndani na nje, wanaitikia, "Hasha!" Anasema, "Mimi ni mwongo." "Hasha!" Anaendelea hivyo mpaka mwisho wa orodha ya dhambi, na kwa kila dhambi taifa zima linamkatalia. Kisha anajifuta machozi, anaketi, na uongozi wake unakuwa umethibitishwa kwa mwaka mwingine. Ipo Idara ya Hasha yenye mkurugenzi na wakaguzi wanaozunguka mikoani kusikiliza kama watu wanaitikia kwa nguvu. Kuungama, kisheria, ni wajibu wa kiongozi. Kukubaliana na kiongozi aliyeungama ni uchochezi. Kanuni za zamani zinasema kwamba dhambi iliyokosa Hasha inahesabiwa kuwa imesimama, na aliyeiungama anaiacha ofisi mara moja mpaka suala lake liamuliwe. Lakini kanuni hiyo ilikuwa haijawahi kutumika, na wengi walidhani ni pambo.

*

Sasa nije kwangu. Nilikuwa mchungaji wa usharika wa Bondeni, na katika usharika huo alikuwepo mama mmoja kijana anaitwa Fibi. Alipojifungua tukaanza kumwita Mama Yusto, kwa jina la mtoto. Yusto aliishi siku chache tu. Alifariki kabla ya kubatizwa. Hata baada ya hapo tuliendelea kumwita mama yake hivyohivyo, na yeye aliendelea kuitika.

Siku ya mazishi, udongo ukiwa bado mkononi mwangu, alinikamata koti akaniuliza, "Mchungaji, mwanangu yuko wapi?"

Nikamwambia, "Yuko kwa Baba, Mama Yusto. Yuko kwa Baba kabisa."

Aliniachia koti. Wiki iliyofuata akapata fundi wa kuandika kwa rangi nyeupe juu ya msalaba wa mbao: YUSTO YUKO KWA BABA. Watu wasio na kazi wakapeleka habari mjini, nikaitwa mbele ya Kamati ya Makusudi ya Milele. Shitaka lilikuwa kutangaza matokeo bila idhini. Mwenyekiti alikuwa Nahumu Lubatula.

"Obedi," akaniambia, "nani alikwambia huyo mtoto yuko kwa Baba?"

"Namjua Baba."

"Kumjua si idhini. Una kifungu?"

Nikajaribu kutafuta kifungu. Wajumbe kumi na kitu walikuwa wananiangalia huku wakitafuna karanga, na nilivyo na bahati mbaya, vifungu vyote vilivyonijia vilikuwa vya wenye njaa. Wakaamua papo hapo. Suala la mtoto Yusto, wakasema, linaendelea kushughulikiwa, na mpaka litakapoamuliwa msalaba wake usiseme kitu. Wakatuma fundi akaupaka rangi ya kijivu. Kijivu ndiyo rangi ya serikali kwa mambo yanayosubiri. Mkija mjini kwetu mtaona hospitali ya kijivu, soko la kijivu na kituo cha treni cha kijivu ambacho hakijawahi kuona treni.

Mimi nilivuliwa dhambi. Ndiyo adhabu kubwa kuliko zote nchini. Nilisimamishwa mbele ya Waandamizi, nikasomewa tamko kwamba kuanzia siku hiyo mimi si Mwenye Dhambi wa daraja lolote, ni mtu mwema, na kwa kuwa neema ni ya wenye dhambi, hainihusu. Nikanyang'anywa joho. Mke wangu alilia njia nzima. Majirani walianza kunikwepa, maana hakuna anayetaka watoto wake wacheze karibu na nyumba ya mtu mwema. Niliwachukia wale watu. Niliwachukia kwa utaratibu, mmoja mmoja, kwa majina yao ya ubatizo, na Nahumu nikamweka wa mwisho ili nimchukie kwa nafasi.

*

Mtauliza basi kwa nini sikukosa Kongamano hata mwaka mmoja. Mke wangu naye aliuliza. "Baba Nuru, wamekufukuza, wewe unapiga pasi shati ukawasikilize?"

Nilikuwa kama mtu aliyeachwa na mchumba, anayezunguka njia ndefu ili apite mbele ya nyumba yao. Ukweli ni kwamba nilikipenda kile kitu. Nikiwa mchungaji kijana, mwoga, ninayelala nikijiuliza kama Mungu ameridhika na mahubiri yangu, ni katika Kongamano nilikosikia kwa mara ya kwanza kwamba alinipenda kabla sijafanya lolote, na kwamba sikuweza kumpoteza kwa uzembe wangu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, mama wa jikoni akanipa kikombe cha chai akidhani nimefiwa. Nani alikuwa anahubiri siku hiyo? Nahumu Lubatula. Alihubiri kweli tupu, na sidhani kama alikuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonikata maini. Ningeweza kuwadharau vizuri zaidi kama wangekuwa wanafundisha uongo.

Na zaburi zao! Hawapigi ngoma wala kinanda, ni sauti tu, besi za wale wazee wa milimani zinaingia chini taratibu na viti vya plastiki vinatetemeka. Kila mwaka nilikwenda nimekunja ngumi, zaburi ya kwanza ikaanza, ngumi ikafunguka yenyewe nikajikuta naimba sauti ya tatu. Kisha anasimama Mwandamizi mmoja na kutumia asubuhi nzima kutofautisha aina za wenye dhambi ambao hawapaswi kunywa chai pamoja, ngumi inarudi mahali pake.

*

Mwaka huu Mama Yusto alikuja nyumbani. Kamati ilikuwa imetoa pendekezo: kwa kuwa suala halijaamuliwa, na kwa kuwa msalaba hauwezi kusimama juu ya suala lisiloamuliwa, msalaba ung'olewe. Mheshimiwa angetia saini baada ya Ungamo Kuu.

"Mchungaji," akasema. Ni yeye peke yake aliyekuwa bado ananiita hivyo. "Nimekaa na kijivu chao nikanyamaza. Sasa wanataka na mti wenyewe. Nitamjuaje pale alipo? Nyasi zikiota nitamjuaje?"

"Twende Kongamano," nikamwambia. "Kuna kipindi cha maswali."

Kipindi cha maswali kwetu kina utaratibu wake. Kwa kuwa kila kitu kimekusudiwa, majibu yanaandaliwa mapema na kupigwa chapa, kisha wananchi wanauliza. Mama Yusto alipanga foleni tangu asubuhi. Alipofika kwenye kipaza sauti cha ukumbini alikuwa amesahau maneno yote tuliyofanya mazoezi, akasema tu, "Naomba wazazi wangu, maneno ya mwanangu yarudishwe. Na mti using'olewe."

Mshereheshaji, kijana wa suti inayong'aa aitwaye Sila, akachukua jibu lililofuata akalisoma kwa sauti nzuri ya redio: "Ahsante kwa swali lako. Vyoo vya akina mama viko upande wa mashariki. Tafadhali msitupe maganda ya ndizi."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama Yusto alibaki amesimama, ameshika kipaza sauti, hajui kama ameshajibiwa. Niliona Nahumu akimtazama kutoka kwenye Kiti cha Mwisho. Alimtambua. Niliona uso wake ukimtambua, kisha nikaona ukigeuka upande wa pili na kuomba maji.

Siku ile mambo ya ngumi yakaisha. Nikatulia kabisa, kama daktari anayevaa glavu.

"Kesho watakusikia," nikamwambia Mama Yusto tukirudi chini ya turubai.

"Mimi sitaki waaibike, Mchungaji. Nataka maneno ya mwanangu tu."

"Yote yanawezekana kwa pamoja," nikasema.

*

Jioni ile nilizunguka chini ya turubai nikisalimia watu. Sikuchochea. Mtu mwema hachochei. Nilikuwa nauliza tu maswali ya katekisimu, kama mchungaji mstaafu anavyoweza kufanya kupitisha muda wakati watu wanasubiri wali na maharage.

Nilianza na mama mmoja aliyejifunga kitenge cha Kongamano la mwaka uliopita, chenye picha ya Mheshimiwa kila baada ya shubiri, mbele na nyuma.

"Mama, mtu akisema kweli kanisani tunamwitikiaje?"

"Amina."

"Na Mheshimiwa wetu ni msema kweli?"

"Eh! Baba, unauliza nini? Ni msema kweli huyo, hajawahi kudanganya."

"Kesho atasema yeye ni mwizi. Tukimwambia Hasha, tutakuwa tumemwita nani?"

Yule mama alifikiri. Nikaona wazo likimwingia, uso ukimwiva kwa aibu. "Yesu wangu," akasema. "Miaka yote hii tumekuwa tunamwita baba wa watu mwongo! Mbele ya wageni!"

Aligeuka akamwambia jirani yake. Jirani akashika mdomo. Habari ikaenda kiti kwa kiti, na naapa hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa watiifu mno. Walihuzunika. Wengine walipendekeza tukamwombe Mheshimiwa msamaha, lakini nikawashauri kwamba msamaha mzuri ni kuitikia vizuri. Mkaguzi wa Idara ya Hasha alipita akauliza kama tuko tayari kwa kesho. Watu wakamjibu kwa machozi kwamba hawajawahi kuwa tayari namna ile.

*

Siku ya mwisho ikafika. Alikuwepo mgeni wa heshima, profesa kutoka ng'ambo, mzee mwekundu mwenye miwani minene, na mkalimani wake sikioni. Waandamizi walisalimiana kwa vyeo kuanzia wakati wa chai ya asubuhi mpaka karibu na chakula cha mchana. Kila msemaji alisema "itifaki imezingatiwa" kisha akaizingatia upya. Zaburi ikaimbwa. Niliimba. Sitasema uongo, niliimba na macho yakaniloa, na kwa muda mfupi nilitaka kuinuka niwaambie watu wa turubai tuache, turudie Hasha, twende nyumbani. Kisha nikamwona Mama Yusto amekaa na mikono mapajani, haimbi.

Mheshimiwa akasimama. Akainamisha kichwa.

"Mimi ni mwizi."

"Hasha!" wakasema Waandamizi ndani.

"Amina!" likasema turubai.

Turubai lilikuwa na watu wengi mara kumi kuliko ukumbi. Ile Hasha ya ndani ilizama kama haikuwepo. Mheshimiwa aliinua kichwa. Mshereheshaji Sila alipiga kipaza sauti kwa kidole, akidhani ni hitilafu ya mitambo. Lakini Ungamo Kuu likishaanza kisheria halisimamishwi, na kifungu hicho alikiandika Nahumu mwenyewe.

"Mimi," akasema taratibu, "ni mwongo."

"Amina!"

"Mimi ni... nina kiburi."

"Amina, baba!" akapaza sauti yule mama wa kitenge, kwa upendo wote.

"Nimekula vya wajane."

"Amina!" Na hapo, sijui ni nani, sauti ya mwanamume nyuma kabisa ikaongeza, "Na mabati ya zahanati!"

Nikaona watu wakitazamana. Ule utiifu wao ulikuwa umegonga kitu kigumu ndani yao, kitu walichokuwa wamekikalia miaka mingi. Sauti nyingine ikasema, "Na daraja!" "Amina!" "Na ng'ombe wa marehemu baba!" "Amina!" "Na ile shule ya kijivu!" "Amina! Amina!" Sasa hawakuwa wanamwitikia tena, walikuwa wanamtangulia, na Mheshimiwa alikuwa anawafuata, akisoma dhambi zake kwa sauti inayokwisha, huku kila moja ikipokelewa kwa vigelegele na maelezo ya ziada. Wakaguzi walikimbia huku na huku wakipiga kelele za Hasha wenyewe mpaka sauti zikawakauka.

"Nilikuwa nasema kiroho!" Nahumu akalia mwisho. "Jamani, ni kiroho tu!"

"Amina!"

Profesa wa ng'ambo alisimama wima. Mkalimani alikuwa amemtafsiria kila neno, na mzee yule alikuwa anabubujikwa na machozi. Alimkumbatia Nahumu mbele ya wote, akasema kwamba katika maisha yake yote ya makongamano alikuwa hajawahi kuona kiongozi akiungama waziwazi namna ile na watu wake wakimwamini, na kwamba angelipeleka jambo hilo kwao kama mfano. Waandamizi wakalazimika kupiga makofi.

Mimi nilikaa tu. Nilimwangalia Nahumu Lubatula akiikunja orodha ya dhambi zake mara nne na kuitia mfukoni mwa kaunda suti, nikasikia utamu mwilini mwangu mpaka vidoleni. Niliutafuna polepole. Watu wanasema kisasi hakishibishi. Mimi kilinishibisha.

Katibu wa Kongamano akafungua kanuni za zamani akasoma kwamba dhambi zote zimesimama. Mheshimiwa anaiacha ofisi. Kuhusu kama yeye ni miongoni mwa wateule au la, suala linaendelea kushughulikiwa. Kabla jua halijashuka, Kiti cha Mwisho kilikuwa kimepakwa kijivu, mahameli na vyote.

*

Nilimkuta Mama Yusto karibu na geti. Nilikuwa nacheka peke yangu.

"Umeona?" nikamwambia. "Umeona walivyoumbuka?"

"Nimeona. Na msalaba?"

Nikaacha kucheka. Pendekezo la kuung'oa lilihitaji saini ya Mheshimiwa, na hakuwepo tena Mheshimiwa. Lakini kurudisha maneno nako kulihitaji saini hiyohiyo. Katibu alikuwa ameshamweleza: ofisi iko wazi, na itajazwa wakati utakaokusudiwa. Basi Yusto angebaki chini ya kijivu mpaka hapo, na hapo hakuna aliyejua ni lini.

"Wewe umepata chako, Mchungaji," akasema. Hakusema kwa ukali. Alichukua mfuko wake akaondoka, na mimi nikabaki pale getini na ushindi wangu.

Baada ya siku chache alituma mtu aniite makaburini. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya msalaba, ana brashi na kopo la rangi nyeupe, kijivu amekwisha kukikwangua kwa kisu. Sikumuuliza kuhusu idhini.

"Kabla sijaandika nataka nikuulize," akasema. "Siku ile ulisema vile kwa sababu unajua, au kwa sababu nilikuwa nalia?"

Nimehubiri maelfu ya maneno. Nimesimama mbele ya Kamati nikajibu kishujaa kwamba namjua Baba. Lakini yeye hakuwa Kamati. Nilikuwa nimelilazimisha taifa zima lichukue maneno ya mtu kama yalivyo, na sasa yeye alikuwa anataka yangu.

"Kwa sababu ulikuwa unalia," nikasema. "Nikalisema. Na nilipolisema nikaona kwamba naliamini kuliko vyote nilivyowahi kufundishwa. Kifungu sina mpaka leo."

Alinitazama sana. Kisha akachovya brashi.

Alikuwa ameshaandika YUSTO tuliposikia hatua kwenye kokoto. Alikuwa Nahumu. Hapakuwa na king'ora wala kipaza sauti. Viatu vilikuwa na vumbi, na kola ya shati ilikuwa imekunjamana upande mmoja. Alitembea kutoka mjini. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayesubiri kukaribishwa, na hakuna aliyemkaribisha. Mama Yusto alimwangalia, akaangalia kopo lililokuwa limeegemea jiwe, linataka kuanguka.

"Baba Askofu, njoo unishikie hili," akasema.

Nahumu akaja akalishika kwa mikono miwili. Jua lilikuwa linampiga utosini na hakuwa na kofia. Mama Yusto hakuharakisha. Kila herufi aliirudia mara mbili, na kila alipochovya brashi, tone lilidondokea viatu vya yule mzee, naye hakuvisogeza. Nilisimama pale nikatamani maneno yaliyobaki yangekuwa marefu zaidi.

Alipofika YUKO KWA, Nahumu alinigeukia. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Obedi," akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya kitanda cha juu. "Na mimi? Mimi niko wapi?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitunza kwa miaka mingi, limenolewa pande zote mbili, na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Mama Yusto hakugeuka hata kidogo kutoka kwenye mti wake.

"Baba," akasema, "shika kopo vizuri, rangi inamwagika."